Hakuna Kilichoonekana

Daktari yeyote mpya aliyetumwa kwenye hospitali yetu ya wilaya alipitia kwanza mikononi mwangu. Hilo nalisema kwa majivuno, maana majivuno ndiyo yaliyoniponza. Walikuja kutoka Bangkok na viatu safi na majina marefu ya magonjwa vichwani, lakini ugonjwa wetu wa huku kwenye mianzi walikuwa wameusoma mstari mmoja tu kitabuni. Mkuu wa hospitali aliwaambia, "Nendeni kwa Saengda wa maabara, awaonyeshe." Nami niliwakalisha kwenye kigoda changu, nikaweka slaidi chini ya hadubini, nikawaambia watazame.

Walichokiona ni chembe kubwa nyeupe ya damu, mlinzi wa mwili, ambaye kazi yake ni kumeza wavamizi na kuwayeyusha. Ila huyu mlinzi tumbo lake limejaa vipunje vidogo, vingine mviringo, vingine virefu kidogo, na baadhi yake vina mstari mmoja unaopita katikati. "Huo mstari ndio kitambulisho chake," niliwaambia. "Fangasi huyu hachipui kama hamira. Anajikata katikati, wanakuwa wawili."

Hapo lazima mmoja angeuliza: kama ameshamezwa, mbona hafi? Swali hilo nililisubiri kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Nikawaeleza kwamba amemezwa kwa faida yake. Nje, kwenye udongo wa majimaji chini ya mianzi, anaishi kama nyuzi za ukungu, na vumbi la mbegu zake linaingia puani pamoja na pumzi. Mlinzi analimeza, analimwagia sumu yake yote. Lakini mbegu zimevaa koti la rangi nyeusi linaloinyonya sumu ile, na ndani yake zina vitu vya kuizima inayopenya. Akishahisi joto la mwili, fangasi anaacha umbo la nyuzi, anakuwa punje, anaanza kula chakula cha mwenye nyumba. Na mlinzi, akidhani bado yuko kazini, anamtembeza mwilini kote: kwenye ini, bandama, uboho, hadi kwenye ngozi ya uso. "Kikulacho ki nguoni mwako," nilimalizia, wakacheka, wakaandika.

Kisha nikawaambia lililobaki kwa sauti ya chini. Mtu mwenye afya anazo chembe nyingine ndogo zinazomletea mlinzi amri: ongeza makali, ua kilichomo tumboni. Akishaipata amri, anaua. Virusi vya UKIMWI vinaanza kwa kuwaua hao waleta amri. Mlinzi anabaki na adui tumboni, hajafa, hajalala, anangoja tu neno ambalo haliji. Kwa hiyo, daktari, huku kwetu ukiziona punje hizi kwa kijana, huna haja ya kumuuliza sana ana nini kingine.

Haya yote niliyajua kama ninavyolijua jina langu. Ndiyo maana sina pa kujificha katika habari hii ninayoisimulia.

Ilikuwa mwaka 1994, mvua zimekolea. Asubuhi moja mdogo wangu alitokea kwenye dirisha la maabara akiwa na koti la mvua na mfuko wa machipukizi ya mianzi mkononi. Utotoni aliwahi kunyolewa na kukaa hekaluni kama mwanafunzi wa watawa, ndiyo maana kijiji kizima kilimwita Noi Inta, Noi likiwa jina la heshima la aliyepita hekaluni. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kuchimba machipukizi na kutega panya wa mianzi kule mlimani.

"Dada, nimekuletea uso wangu uupime," alisema. "Mama anasema umeharibika."

Ulikuwa umeharibika kweli. Wiki tatu nilikuwa sijamwona kwa karibu, maana nililala kwenye nyumba za watumishi na kurudi nyumbani siku za mapumziko tu, na yeye siku hizo alikuwa mlimani. Paji la uso na mashavu yalijaa vipele, na kila kipele kimebonyea katikati mithili ya kitovu. Shingo imekonda. Alikohoa, akafuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Homa unayo?"

"Jioni tu. Mama anasema ni chakula kinachoamsha ugonjwa. Amenikataza machipukizi, amenikataza nyama ya nyati, amenikataza panya wangu mwenyewe niliyemtega. Nimebaki na wali na chumvi. Nikifa, andikeni nimekufa kwa njaa."

"Kaa hapo, nikukwangue."

"Taratibu basi. Ndio uso pekee nilionao."

"Na hata huo haujakupatia mke."

"Mwenzangu una miaka thelathini na moja na unalala na hadubini," alinijibu, nikacheka huku nikimkwangua. Nilicheka, kweli, na vile vipele nilikuwa nimeshavitambua.

Nilipaka slaidi, nikaitia rangi, nikaikausha, nikatazama. Sikuhitaji hata dakika. Mlinzi wa kwanza niliyemwona alikuwa amejaa hadi pomoni, na punje iliyokuwa katikati yake ilikuwa na mstari wake umenyooka, kana kwamba imejipanga ili nimwonyeshe daktari mgeni.

Nitasema nilichofikiri, na kwa mpangilio ule ule nilivyokifikiri. Kwanza nilimfikiria nesi Orathai. Orathai alikuwa wa kijiji chetu, ndiye aliyechukua karatasi za majibu maabara na kuzipeleka kwa daktari, na kila karatasi aliisoma njiani. Pili niliifikiria sufuria ya mama. Mama aliuza tambi za mchuzi wa nyanya na damu ya nguruwe sokoni, mbele ya lango la hekalu, na nilikuwa nimeona yaliyompata Shangazi Bunma aliyefiwa na mwanawe kwa UKIMWI mwaka uliotangulia. Watu walikwenda msibani kwa heshima zote, wakakaa, wakasali, na hawakugusa chochote isipokuwa soda za chupa, kwa mrija. Mchuzi walipewa nguruwe. Tangu siku hiyo vitumbua vya Shangazi Bunma havikupata mnunuzi, na alikuwa amevipika miaka thelathini.

Tatu ndipo nilipomfikiria mdogo wangu.

Nimejaribu mara nyingi kuugeuza mpangilio huo, nimweke yeye mbele. Haugeuki. Na hata hilo la sufuria ya mama lilikuwa kisingizio. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kwenye kipaza sauti cha ukumbi wa kijiji, nimevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, nikiwaambia wanakijiji kwamba UKIMWI hauambukizwi kwa bakuli wala kwa kikapu cha wali. Nilipenda jinsi walivyonisikiliza. Nilikuwa msichana wa mwuza tambi aliyejua mambo, na sikutaka waanze kunitazama kwa jicho lingine.

Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye karatasi: hakuna kilichoonekana.

Daktari aliyekuwapo wakati huo aliitwa Phakphum, alikuwa na siku kumi na moja tu tangu afike, na somo langu la hadubini alikuwa hajalipata bado. Alitazama picha ya kifua, akaona mawingu. Akatazama karatasi yangu. Akaja mwenyewe hadi mlangoni pa maabara.

"Dada Saengda, nafikiri ni kifua kikuu. Unaonaje?"

"Huku kwetu kifua kikuu kimejaa," nilimjibu. Na hilo halikuwa uongo, ndiyo maana lilitoka kirahisi hivyo.

"Na vipele?"

"Vijana wa mlimani, daktari. Wadudu, mianzi, jasho."

Aliagiza pia damu ya kupima virusi. Kuipeleka mkoani ilikuwa kazi yangu. Nikamwambia foleni ya mkoani ni ndefu, nikaiacha kwenye jokofu.

Mama alipoambiwa ni kifua kikuu alifurahi hadi akatokwa na machozi. Kifua kikuu ni ugonjwa wa watu. Babu yetu alikuwa nacho, mwalimu mkuu alikuwa nacho. Aliutangaza sokoni huku akipakua tambi. "Kifua tu! Saengda mwenyewe ndiye aliyepima!" Wateja wakamwambia ashukuru bahati yake kwa kuwa na binti aliyesoma. Nilikuwa nimesimama pale pale nikimsaidia kufunga vifurushi, na nikatabasamu.

Nilikuwa nimefanya jambo moja la mazoea. Ule mkwaruzo uliobaki niliupanda kwenye mirija miwili ya kioo yenye chakula cha kuoteshea fangasi, mmoja nikauweka kwenye joto la mwili, mwingine mezani kwenye hewa ya kawaida, kama ninavyofanya siku zote. Mikono ilifanya yenyewe. Siku ya tano ule wa mezani ulianza kutoa rangi nyekundu iliyopenya chini kwenye chakula chake, nyekundu ya maji ya rozela. Wa kwenye joto ulibaki mweupe mweupe, laini. Kiumbe ni yule yule, kila mahali na umbo lake. Orathai aliuona mwekundu alipokuja kuchukua karatasi.

"Huu wa nani, mbona umeiva hivi?"

"Wa wilaya nyingine. Umeletwa."

"Masikini," alisema Orathai. "Kijana?"

"Sijui."

Alipotoka niliitia mirija yote miwili ndani ya droo ya chini, pamoja na slaidi.

Nikaomba ruhusa nikahamia nyumbani ili nimwangalie mdogo wangu. Kila asubuhi nilimhesabia vidonge vya kifua kikuu kwenye kiganja, akavimeza mbele ya mama, akapanua mdomo na kutoa ulimi ili tuhakikishe. "Haya, polisi, mmeridhika?" Mkojo wake ukawa wa rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa, akatania kwamba sasa anaweza kupaka ukuta wa hekalu. Vipele viliongezeka. Vile vya zamani vikafanya weusi katikati. Wiki ya pili aliacha kupanda ngazi ya nyumba bila kushika mkono wa mtu. Wiki ya tatu tumbo lilivimba upande wa kushoto, nami nikajua ni bandama, na nilijua imejaa nini.

Mbona sikusema? Watu wameniuliza hivyo, na mimi nimejiuliza zaidi yao. Siku ya kwanza ningeweza kusema nimekosea. Siku ya tatu ingekuwa vigumu kidogo. Siku ya kumi tayari lilikuwa jambo la kupoteza kazi. Uongo nao hukua kila siku, na kila siku nilijiambia kwamba pengine na kifua kikuu anacho kweli, pengine vidonge vitasaidia kidogo, pengine kesho. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Niliwahi kuisema methali hiyo kwenye kile kipaza sauti, na watu wakaitikia.

Tarehe ishirini na tano majirani walimleta hospitali wakiwa wamemlaza nyuma ya gari la mizigo. Hakuwa na damu ya kutosha hata ya kuupa ulimi rangi. Baada ya kumwekea dripu, Daktari Phakphum alikuja maabara, akakaa kwenye kile kigoda cha wanafunzi bila kukaribishwa. Alikuwa hajanyoa.

"Dada, dawa hazifanyi kazi," alisema. "Kuna kitu sikioni. Wenzangu waliotangulia waliniambia, ukikwama nenda kwa Saengda. Nimekwama. Nifundishe."

Angenitukana, pengine ningejitetea. Lakini alisema nifundishe. Niliinama, nikafungua droo ya chini, nikatoa ile slaidi, nikaiweka kwenye hadubini. Nikamlengea mahali penyewe. Nikamwambia, "Tazama mstari wa katikati," na sauti yangu ilikuwa ile ile ya kufundishia, sikujua itoke vipi tofauti.

Alitazama muda mrefu. Halafu akaichomoa slaidi, akasoma kibandiko chake.

"Hii ni ya tarehe tatu."

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Uliniandikia hakuna kilichoonekana."

"Ndiyo."

Hakupaza sauti. Alibaki ameishika ile slaidi kwa ncha za vidole, kisha akasema, "Ningekuwa nimeona hata mgonjwa mmoja tu wa namna hii kabla ya kuja huku, nisingekuhitaji." Akatoka kwenda kuagiza dawa yenyewe. Nilisikia viatu vyake vikikimbia kwenye korido.

Ile dawa inaingia kwa dripu, na chupa yake hufungwa karatasi nyeusi isipigwe na mwanga. Inamtetemesha mtu mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nesi Orathai ndiye aliyemshika Inta mabega siku ya kwanza, akamfunika mablanketi matatu, akamfuta matapishi. Mimi nilisimama mlangoni. Nilipomwambia Orathai kwa nini niliandika vile, na kwamba niliogopa mdomo wake, alikunja taulo taratibu kabla ya kunijibu.

"Nimesoma karatasi za kijiji kizima, Saengda. Ya mume wa mwenyekiti nimeisoma. Ya mtawa mkuu wa hekalu nimeisoma. Umewahi kulisikia hata moja sokoni?"

Sikuwahi. Miaka sita, sikuwahi, na nilikuwa nimemhukumu kwa sababu tu anacheka kwa sauti. Aibu hiyo ikaja juu ya ile nyingine, ikakaa.

Siku ya nne mtetemo ulipungua, na homa ikashuka kwa mara ya kwanza. Inta alikuwa ameamka, anakunywa maji ya wali kwa kijiko. Niliketi ukingoni mwa kitanda, nikamwambia kwamba hakuwa na kifua kikuu, na kwamba kilichomo mwilini mwake kimepata nafasi kwa sababu ya virusi. Nilitamka neno lenyewe. Nilikuwa nimejiandaa alie.

"Najua," alisema.

"Daktari amekwambia?"

"Nani aniambie? Jeshini tulikuwa sita, kikosi kimoja, likizo tunatoka pamoja, tunarudi pamoja, na tulikokuwa tunakwenda unakujua. Wawili nimeshawazika. Walikuwa na uso huu huu. Siku nilipojiona kwenye kioo cha pikipiki nikajua."

"Sasa mbona ulikuwa unameza vile vidonge?"

"Si wewe ndiye uliyevileta?" Alishangaa kwamba nauliza. "Nilidhani hujui. Nikasema, afadhali, dada yangu hajui, karatasi yake imesema kifua. Acha apumzike na mama apumzike. Nikawa navimeza ili msishtuke." Akacheka kidogo, akakohoa. "Vichungu vile, kama nyongo ya panya."

Nilitamani iishie hapo. Angeniacha na hilo tu lingenitosha maisha yangu yote. Lakini Inta hakuwa mjinga, na kijiko kilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Subiri. Wewe ulijua lini?"

"Siku ile ya kwanza."

"Ipi? Uliponikwangua?"

"Ndiyo."

Alikirudisha kijiko kwenye kikombe. Nilimwona akirudi nyuma kimoyomoyo, siku moja moja, na nilijua anaelekea wapi, na sikuwa na njia ya kumzuia.

"Ndiyo maana ukaanza kujipakulia chako pembeni," alisema.

Nilipohamia nyumbani nilikuwa nimemwambia mama kwamba tumbo langu linasumbua. Sisi nyumbani tunakula sote kwenye sinia moja, unakata donge la wali wa kunata kwenye kikapu, unalibonyeza, unachovya kwenye bakuli la katikati. Siku zile zote nilijipakulia kwanza, kabla yake, kwenye kibakuli changu, nikala kwa kijiko, nikakaa karibu na ngazi eti nipate upepo. Mimi niliyewaambia watu mia mbili kwa kipaza sauti. Sikujiamulia hata, mwili wangu ulisogea wenyewe, na mdomo ukatafuta sababu.

"Nilidhani kweli tumbo," alisema Inta. "Nilimwambia mama akupikie uji wa tangawizi."

Uji huo niliunywa. Nakumbuka hata utamu wake.

Alikaa hospitali wiki mbili, akapewa vidonge vingine vya kuendelea navyo, na vipele vikakauka vikaacha makovu. Daktari Phakphum aliandika barua kuhusu mimi kwa mkuu wa hospitali. Niliondolewa kwenye hadubini, nikapewa kazi ya kuosha vyombo vya maabara, na sikulalamika. Mama nilimwambia mwenyewe, jikoni, akiwa anakatakata vitunguu. Hakunigeukia. Alisema, "Ungeniambia ningechagua mwenyewe, sufuria au mwanangu. Hukunipa hata nafasi ya kuchagua vizuri." Kesho yake hakwenda sokoni. Sufuria aliifunga mwenyewe kabla hajafungiwa na watu.

Inta aliporudi alijitengea. Hakuna aliyemwambia. Alichukua kikapu kidogo cha wali na bakuli moja, akawa anakula barazani, mgongo kwenye nguzo, anatazama mvua. Mama akimwita alijibu kwamba huku kuna hewa. Jioni ya kwanza nilichukua sinia yote, nikaibeba nikaenda kukaa mbele yake, nikanyoosha mkono nichovye kwenye bakuli lake. Akalifunika kwa kiganja.

"Usinifanyie onyesho, dada."

"Si onyesho."

"Mama anatazama. Shangazi Bunma anatazama pale uani kwake. Unataka wakuone." Hakuwa na hasira. "Kuna siku utakuwa na njaa tu, basi. Siku hiyo njoo."

Nikaenda kila siku. Nilikaa barazani na bakuli langu, yeye na lake, tukazungumza habari za panya wa mianzi, na bei ya machipukizi, na jinsi Daktari Phakphum alivyojaribu kula pilipili zetu akalia. Alinitania kama zamani. Alisema sasa kwa vile nimetengana na hadubini, pengine nitapata mchumba. Lakini bakuli lake lilibaki upande wake, na mimi sikuthubutu tena kunyoosha mkono, na tukaenda hivyo hadi mvua zikakatika.

Siku moja mchana nilirudi kutoka kazini nikiwa sijala tangu alfajiri. Mama hayupo, amekwenda hekaluni; uani hakuna mtu. Inta alikuwa amechoma pilipili mbichi akazitwanga na kitunguu saumu, harufu ilinifikia kwenye ngazi. Nilikaa, nikavua viatu. Bila kunitazama akakisogeza kikapu cha wali katikati yetu, kisha bakuli.

"Una njaa," alisema.

"Nakufa."

Nikakata donge, nikalibonyeza, nikapeleka mkono. Yeye alikuwa ametoka tu kuchovya, alama ya vidole vyake ilikuwa bado kwenye pilipili. Mkono wangu ukasita. Ilikuwa kidogo sana, pumzi moja, mtu mwingine asingeona. Ninajua kila kitu kuhusu ugonjwa ule. Najua unapita wapi na haupiti wapi, nimewafundisha wasomi. Na mkono ukasita.

Nikachovya, nikala, nikasema ni tamu, nikachovya tena haraka. Lakini Inta alikuwa ameshaona. Alitafuna hadi akamaliza, akanawa vidole kwenye kikombe, akalisukuma bakuli karibu zaidi na mimi.

"Kula, dada," alisema. "Hata mimi niliwaogopa wale wawili wa jeshini."

Nilikula kichwa kikiwa chini mpaka bakuli likaisha.